Kibarua na Mshahara: Habari za Kazi Mjini Mombasa na Nairobi

Kabla hatujaanza, namwomba mwalimu wa kila darasa aandike ubaoni maneno haya manne: kibarua, kipande, mgomo, kima cha chini. Kila mmoja ayanakili katika daftari lake. Maneno hayo yatatuchukua kutoka gati la Kilindini hata lango la kiwanda Nairobi.

Tuanze na kibarua. Neno hili mnalijua, na pengine wengine wenu leo asubuhi mlitoka nyumbani kwenda kukitafuta. Maana yake ya asili ni barua ndogo. Zamani mtu akifanya kazi ya siku moja alipewa karatasi ndogo iliyoandikwa kazi aliyoifanya, na saa ya malipo aliitoa karatasi ile ndipo apewe fedha yake. Polepole jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Tena, katika karne ya 19, wengi wa waliofanya kazi hizo Mombasa na Unguja walikuwa watumwa. Bwana alimtuma mtumwa wake mjini akatafute kazi ya kubeba mizigo, na jioni mtumwa akampelekea bwana sehemu ya ujira, mara nyingi nusu. Hali ya utumwa ilifutwa katika sheria mwaka 1897 kwa Unguja, na mwaka 1907 kwa pwani ya Kenya. Watumwa wakawa watu huru, lakini desturi ya kumwajiri mtu kwa siku moja na kumwacha jioni ilibaki palepale.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Nairobi yenyewe ilizaliwa njiani, mwaka 1899, pakiwa mahali pa kupanga mabehewa na kuweka vyuma vya reli. Baada ya hapo mizigo ya bara yote ilipita Mombasa: pamba ya Uganda, kahawa, mkonge, na vitu vya madukani kutoka ng'ambo. Sasa fikirini kazi ya bandari ilivyo. Leo zimefika meli nne, wanatakiwa makuli elfu. Kesho hakuna meli hata moja. Tajiri, yaani mwenye kuajiri, hakutaka kulipa watu elfu siku isiyo na meli. Kwa hiyo kila alfajiri watu walisimama langoni, mnyapara akanyosha kidole: wewe, na wewe, na wewe. Waliobaki walirudi zao.

Wakubwa wa serikali ya Waingereza walisema makuli wa Mombasa ni wavivu, kwa sababu wengi walifanya kazi siku kumi au kumi na tano kwa mwezi, kisha hawakuonekana. Mimi siuoni uvivu hapo. Mtu mwenye mahindi na minazi yake upande wa Rabai au Kwale, ambaye hajui kama kesho atachaguliwa, kwa nini aliache shamba likaingia magugu? Alifanya hesabu yake vizuri kuliko wale waliomwandikia ripoti.

Neno la pili ni kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kushikwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyefikia umri wa kazi alitakiwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole vyake, na karatasi hiyo aliichukua katika kijaluba cha chuma, mara nyingi amekivaa shingoni kwa kamba. Wazee walichukia kile kijaluba kuliko walivyochukia kodi ya nyumba. Lakini nataka mtazame jambo moja lililoandikwa ndani ya kipande ambalo watu hulisahau: mshahara. Tajiri wa kwanza aliandika kiasi alichomlipa mtu. Tajiri wa pili alifungua akasoma, akajua kwamba huyu amezoea shilingi ngapi, naye hakuwa na haja ya kumpa zaidi. Na aliyeondoka kazini bila kutiwa sahihi alitafutwa kama mhalifu. Hivyo kipande kilizuia miguu ya mtu, kikazuia na mshahara wake usipande.

Mwaka 1921 bei ya mazao ilipoanguka duniani, walowezi walipatana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Hapo ndipo jina la Harry Thuku lilipovuma. Yeye alikuwa karani wa simu Nairobi. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi kumdai walipigwa risasi. Hesabu ya serikali ilisema wamekufa watu 21. Kati yao alikuwa mwanamke, Mary Nyanjiru, aliyewatia wanaume haya ili wasiondoke. Hilo lina somo lake peke yake. Leo tulikumbuke tu kwamba ugomvi wa mshahara katika Nairobi ulimwaga damu mapema.

Turudi pwani. Mwaka 1939 makuli na wafanya kazi wengine wa Mombasa waligoma, na kilio chao kikubwa kilikuwa kodi ya chumba. Kisha ikaja vita ya 1939 hadi 1945. Mombasa ikajaa askari na meli, kazi ikawa nyingi, watu wakamiminika kutoka bara, na vyumba vya Majengo havikutosha. Hapa ndipo tunapoona ajabu ya mji unaokua upesi. Kazi zilizidi, na mshahara kwa hesabu ya shilingi ulipanda kidogo. Lakini bei ya unga, nguo na chumba ilipanda zaidi. Mtu alipokea fedha nyingi kuliko alizopokea kabla ya vita, naye akala kidogo kuliko zamani. Daftari la tajiri lilisema mtu huyu ameongezewa, na sufuria ilisema amepunguziwa. Zote mbili zilisema kweli.

Tarehe 13 Januari 1947 mji wa Mombasa ulisimama. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: wa gati, wa reli, wa hoteli, hata wapishi na madobi wa majumbani. Walikutana kila siku katika uwanja wa mpira, wakauita Kiwanja cha Maskini. Angalieni jina hilo. Hawakuuita uwanja wa makuli wala wa watu wa reli. Mkamba, Mluo, Mkikuyu, Mgiriama na Mswahili walikaa pamoja, mwenye kazi ya mwezi na mwenye kibarua cha siku, kwa sababu wote walinunua unga katika duka lile lile. Chama chao kiliitwa African Workers' Federation, na kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Chege Kibachia. Mgomo ulikwisha baada ya siku kumi na mbili, Bwana Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alipofika akawaambia kwamba baraza la uamuzi litasikiliza madai yao. Baraza likakaa chini ya jaji, likaamuru mishahara iongezwe. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Kibachia alikamatwa akapelekwa mbali, Kabarnet, asije akarudia. Mwezi wa Septemba makuli wa Dar es Salaam wakagoma, na mgomo ukafuata njia ya reli kwenda bara. Mwaka 1948 ikawa zamu ya Unguja.

Sasa tunafika katika moyo wa somo, nami naomba msikilize kwa utulivu.

Serikali ilipoona moto huo ilijiuliza swali ambalo haikuwa imejiuliza kwa miaka hamsini: mshahara ni wa nani? Kanuni yake tangu zamani ilikuwa hii: mtu wa mjini ahesabiwe kama kapera. Apewe posho ya tumbo moja, blanketi, sabuni, mafuta ya taa, na nafasi ya kulaza kitanda kimoja. Na mke je? Mke yuko kijijini, ana jembe, atajilisha yeye na watoto. Na mzee akichoka kazi? Atarudi kwa mke huyo huyo. Mnaona? Mwanamke hakuandikwa katika daftari lolote la mishahara, lakini jasho lake lilikuwamo ndani ya kila mshahara. Kama shamba lake lisingaliwalisha watoto, tajiri wa mjini angalilazimika kulipa zaidi. Jembe la kijijini lilikuwa likimsaidia mwenye meli na mwenye kiwanda, naye hakupata hata asante. Akina mama mlioko darasani, hili liandikeni kwa herufi kubwa.

Mwaka 1954 kamati ya mishahara iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilitoa ripoti. Ilisema kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa mijini walioajiriwa na watu binafsi, na kama robo ya walioajiriwa na serikali, hawakupata mshahara wa kutosha mahitaji ya lazima hata ya mtu mmoja. Kamati ikashauri kwamba kima cha chini, yaani mshahara ambao sheria inamkataza tajiri kushuka chini yake, kikue polepole hata kitoshe mtu na jamaa yake. Walikadiria kwamba hiyo ni mara mbili na nusu ya mshahara wa kapera. Msidhani kwamba walioandika hivyo walikuwa na huruma tu. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari, vita ya Mau Mau ilikuwa ikiendelea, na migomo iliwatisha. Walitaka mfanya kazi atulie mjini na mkewe, aijue kazi yake, asiwe mtu wa kuzunguka na kusikiliza maneno ya viwanjani. Bandarini nako waliandikisha makuli, wakapunguza vibarua, wakaongeza watu wa mshahara wa mwezi.

Mwezi wa Machi 1955 makuli wa Mombasa waligoma tena, maelfu yao. Safari hii alikuja kijana wa miaka 24, Tom Mboya, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi. Aliwaomba warudi kazini, akaenda kuwasemea mbele ya baraza la uamuzi, nao wakapata nyongeza kubwa. Tangu hapo tajiri na chama walizoea kukaa meza moja. Na wenye kazi waliendelea kufaidi, mwaka kwa mwaka.

Wenye kazi, nasema. Maana hapa hadithi inapinda.

Tajiri aliyelazimishwa kulipa zaidi hakukaa kimya. Alisema, kama nitamlipa mtu mmoja vizuri, basi afanye kazi ya watu wawili. Akachagua wenye nguvu na wanaojua kusoma. Akanunua mashine. Akaacha kuwachukua vibarua wa ziada siku za wingi. Kati ya 1955 na 1964 mishahara ya mijini Kenya ilipanda vizuri, lakini idadi ya walioajiriwa nchini haikuongezeka, ilipungua. Tanganyika ilikuwa vivyo hivyo. Baada ya Uhuru kima cha chini kilipandishwa, Dar es Salaam kikawa shilingi 150 kwa mwezi, na mashamba ya mkonge yakaanza kupunguza watu kwa maelfu. Bei ya mkonge pia ilishuka baadaye, kwa hiyo tusiutupie mshahara lawama yote.

Wakati huo huo vijana waliotoka shule waliongezeka, na kijijini walisikia kwamba Nairobi mtu hupata mshahara mzuri. Walikuja. Walikaa kwa mjomba, kwa kaka, kwa mtu wa kwao, wakaamka alfajiri kwenda kusimama kwenye malango.

Mwezi wa Februari 1964, miezi miwili baada ya Uhuru wa Kenya, serikali, matajiri na vyama vya wafanya kazi walifanya mapatano ya pande tatu. Matajiri binafsi waliahidi kuongeza watu 10 kwa mia, serikali 15 kwa mia. Vyama vikaahidi kutodai nyongeza wala kugoma kwa mwaka mmoja. Watu wasio na kazi wakaambiwa wajiandikishe. Wakajiandikisha zaidi ya laki mbili. Kazi zilizopatikana zilikuwa elfu thelathini na kitu. Na baada ya muda mfupi matajiri hawakujaza nafasi za walioondoka, hesabu ikarudi karibu ilikokuwa. Mwaka 1970 walijaribu mara ya pili. Waliojiandikisha walikuwa wengi kuliko wa kwanza.

Mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni aliniuliza: ikiwa serikali imeongeza kazi, inakuwaje wasio na kazi wazidi? Ni swali zuri, na wataalamu wawili kutoka Marekani, John Harris na Michael Todaro, waliofanya kazi ya utafiti Nairobi miaka ile, walilijibu katika makala ya mwaka 1970 ambayo bado inasomwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima. Hesabu yake si ngumu. Shikeni penseli. Tarakimu hizi nimezitunga mimi kwa ajili ya somo.

Tuseme kijijini mtu hupata kitu cha thamani ya shilingi 40 kwa mwezi. Mjini mwenye kazi hupata 120. Mjini kuna kazi 1,000. Je, watu wangapi watakwenda? Kama wanaotaka kazi ni 2,000, basi kila mtu ana bahati moja katika mbili, na nusu ya 120 ni 60. Sitini ni zaidi ya 40, kwa hiyo wa kijijini bado ataona afadhali kwenda kujaribu. Wataendelea kwenda mpaka wafike 3,000. Hapo bahati ni moja katika tatu, na thuluthi ya 120 ni 40, sawa na kijijini. Wanaacha kuja. Wenye kazi 1,000, walioko langoni 2,000.

Sasa serikali inaongeza kazi 100, zinakuwa 1,100. Habari inafika kijijini. Watu wanakuja tena mpaka bahati irudi kuwa moja katika tatu, yaani wafike 3,300. Toeni wenye kazi 1,100. Langoni wako wangapi? Ni 2,200. Kazi zimeongezeka 100, na wasio na kazi wameongezeka 200. Anayeona hesabu hii ni ya uongo aifanye tena polepole.

Hesabu hii ina upungufu wake. Haimjui mjomba anayemlisha kijana miezi sita. Haijui kwamba aliyeko langoni hakai bure. Anauza karanga, anashona viatu, anabeba maji, na dada yake anapika uji nje ya ukuta wa kiwanda. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, uliotumwa Kenya chini ya Hans Singer na Richard Jolly, uliandika hivyo. Walisema shida kubwa ya Kenya si watu wanaokaa bure. Ni watu wanaofanya kazi kutwa na kubaki maskini. Uchumi wa nchi ulikuwa ukikua zaidi ya 6 kwa mia kila mwaka, sifa ambayo nchi nyingi ziliionea wivu, na watu hao hawakuuona ukuaji huo. Askari wa mji waliwavunjia vibanda, nao ujumbe ukaiomba serikali iache kuwavunjia. Ilichukua miaka mingi. Katika miaka ya 1980 ndipo serikali ya Kenya ilipoanza kuwajengea mafundi wa jua kali mabanda ya kujikinga. Tanzania, mwaka 1983, ilishika njia nyingine: kwa sheria ya nguvu kazi, watu wasio na kitambulisho cha kazi walikamatwa Dar es Salaam wakapelekwa mashambani, na wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi. Kwa hesabu za serikali ya Kenya za miaka ya karibuni, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye kazi nje ya mashamba madogo wako katika jua kali.

Wapo wanaosoma habari hizi wakasema: basi kosa lilikuwa la makuli wa 1947, wasingedai mshahara. Siwezi kukubaliana nao. Mtu aliyelala watu sita chumba kimoja alidai haki yake, na alidai pamoja na wote, hata kibarua. Kilichofuata ni kwamba waliokaa mezani walikuwa tajiri, serikali na mwenye kazi. Kiti cha aliyeko langoni hakikuwekwa, wala cha mwanamke mwenye jembe. Meza ile ilipatana vizuri juu ya mambo ya waliokaa.

Sasa kazi ya darasa. Gawanyikeni watu wanne wanne, kila kikundi kiwe na mtu mmoja anayejua kugawanya. Chukueni mfano ule ule: mjini kazi 1,000 na mshahara 120. Safari hii msiongeze kazi hata moja mjini. Badala yake bei ya mazao imepanda na barabara imetengenezwa, hata mtu wa kijijini anapata 60 badala ya 40. Tafuteni watu wangapi watakuja mjini, na wangapi watabaki langoni. Kisha linganisheni jibu lenu na lile la 2,200. Baada ya hapo kila mmoja amwulize mzee mmoja wa kwao alipata shilingi ngapi katika kazi yake ya kwanza, na wakati ule pishi ya unga ilikuwa bei gani. Andikeni majibu yote mawili, la shilingi na la unga, mkaje nayo Alhamisi ijayo.